Mimi Nimo Wapi Katika Ramani Ile?

Masomo: Yona 4, Yohana 1:43–51, Matendo ya Mitume 17:22–28



Nimeombwa niandike neno la tafakari kwa ukurasa huu. Mimi si mchungaji. Ni mwalimu mstaafu, niliyefundisha jiografia katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Basi mtaniwia radhi nikianzia darasani kabla ya kufika kanisani.

Ilikuwa mwaka 2015. Niliwaagiza walimu wanafunzi wachore ramani ya Tanzania bila kutazama kitabu, kisha waijaze kama wapendavyo. Kundi moja likaleta ramani ya kuchekesha, iliyochorwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ubaoni. Pale Kilimanjaro walichora mtu anahesabu fedha usiku chini ya kitanda. Upareni, mtu anapanda milima kwenda mahakamani kudai deni la yai moja. Bukoba, bwana mmoja mwenye tai akisema Kiingereza na migomba yake. Mara, mtu amekunja ngumi na wala hakuna aliyemchokoza. Na sisi wa Tabora hawakutusahau: walimchora Mnyamwezi mwenye mzigo kichwani akiuliza kama Bagamoyo bado ni mbali.

Darasa zima lilivunjika mbavu. Mchaga alicheka, Mpare alicheka, Mhaya alicheka kwa Kiingereza. Mimi mwalimu wao nilicheka kuliko wote, hata nikavua miwani nikafuta machozi.

Lakini magharibi ya Tabora, palipo Ulyankulu, walikuwa wamechora mtu mwenye furushi, na chini yake wameandika, “Wageni wasiojua kuaga.” Hapo napo tulicheka.

Kipindi kilipokwisha, kijana mmoja alibaki nyuma. Akanisogelea mezani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Samahani, Mwalimu. Naomba kuuliza. Mimi nimo wapi katika ramani ile?”

Nilijua alizaliwa Ulyankulu. Nikamjibu upesi, kama tufanyavyo watu wazima tukijiona tuna hatia: “Ah, ule ni utani tu. Usiuweke moyoni.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, “Nimeelewa, Mwalimu. Lakini wenzangu wote wametaniwa. Mimi sikutaniwa. Nimetolewa.”

Ndugu zangu, neno lile limekaa nami mpaka leo. Nataka tulitafakari pamoja, maana naona linatuhusu sisi tulioko Kaliua kuliko watu wengi.

Mkaaji wa Kaliua hana haja ya kuelezwa Ulyankulu ni wapi. Lakini vijana wetu na wakumbuke habari yenyewe. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea nchini Burundi, na maelfu ya watu wakavuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni. Serikali yetu ikawapa mahali pa kukaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walikata miti, wakalima mahindi na tumbaku, wakajenga makanisa na shule. Mwaka 2014 vyeti vya uraia wa Tanzania vilianza kutolewa kwa watu wa makazi hayo matatu, na walioidhinishwa kupewa uraia walizidi 160,000. Baba wa kijana yule alibebwa mgongoni mwaka 1972. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akasoma hapa, akaimba wimbo wa Taifa kila asubuhi hapa. Na mwaka mmoja tu baada ya vyeti vile, sisi tulimchora na furushi.

Ramani za kuchekesha si jambo geni duniani. Mwaka 1868 kilitolewa kitabu huko London chenye ramani za nchi za Ulaya, kila nchi imechorwa kwa mfano wa mtu. Aliyezichora ni Lilian Lancaster, binti wa miaka kama kumi na mitano. Yasemekana alizichora ili kumchangamsha ndugu yake aliyekuwa mgonjwa kitandani. Tazameni mwanzo mwema ulioje: kicheko kilichotoka katika upendo, cha kumsahaulisha mgonjwa maumivu yake.

Lakini haikuchukua miaka kumi. Mwaka 1877, Urusi ilipokuwa vitani na Uturuki, Mwingereza Fred Rose alichora ramani ya Ulaya ambayo ndani yake Urusi si mtu tena, bali ni pweza mkubwa anayenyosha mikono yake kuwakaba majirani. Na mwaka 1914, vita kuu ilipoanza, ilichapwa London ramani ambayo mataifa ya Ulaya ni mbwa wanaobwekeana. Watu waliinunua na kucheka.

Vita ile ilifika mpaka hapa petu. Mnamo Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji wa Tabora kutoka kwa Wajerumani. Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi ya pande zote, na wengi hawakurudi nyumbani. Babu zetu hawakuwamo katika ramani ya mbwa, ila mizigo ya mbwa wale waliibeba wao.

Je, picha ndizo zilizoleta vita? La. Vita ina mizizi mingi. Lakini ni vigumu kumpiga mtu unayejua kwamba ana mama anayemngojea. Ni rahisi zaidi kumpiga pweza au mbwa. Mwaka 1994 kule Rwanda watu waliitwa mende kwanza, katika magazeti na redioni, kabla ya kuuawa kama mende. Dharau hutengeneza njia, na chuki hupita.

Basi, je, Mkristo asicheke? Hasha! Sisi watu wa njia ya zamani ya misafara ndio wa mwisho kusema hivyo. Wazee wetu walitembea kwa miguu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, wakipita katika nchi za watu wasiowajua. Katika safari zile na vita vya siku zile ulikua utani wetu na Wazaramo na makabila mengine. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana mbele ya wakweo, na kuchukua kitu chako bila kuomba, nawe huruhusiwi kukasirika.

Lakini utani ulikuwa na upande wa pili, ambao siku hizi twausahau. Mtani alikuwa na wajibu. Msafiri akiugua njiani, mtani humpokea. Akifa mbali na kwao, mtani hushughulika na maziko yake. Mpaka leo, msibani, mtani ndiye anayethubutu kufanya mzaha mbele ya jeneza mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Na huyo huyo ndiye anayeshika jembe na kuchimba kaburi. Anayenicheka ndiye atakayenizika. Hapo kicheko ni halali, kwa kuwa kimelipiwa gharama.

Kwa hiyo nilipomwambia kijana yule kwamba ule ni utani tu, nilisema uongo. Utani hufanywa kati ya watu wanaodaiana wema. Sisi tulimcheka, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa amewahi kukanyaga kwao.

Hata majina tunayoitana yatufundishe unyenyekevu. Katika Kinyamwezi, sukuma maana yake ni upande wa kaskazini, na dakama ni upande wa kusini. Sisi tukisimama Tabora tunasema, “Wale ni Wasukuma,” watu wa kaskazini. Wao wakisimama kwao wanatutazama na kusema, “Wale ni Wadakama,” watu wa kusini. Jina Wanyamwezi lenyewe yasemekana tulipewa na watu wa pwani, waliotuona tukitokea magharibi unakoandama mwezi. Kila mtu huchora ramani akiwa amesimama nyumbani kwake, na kila mtu hujiona yuko katikati. Mtume Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba Mungu ndiye aliyeyafanya mataifa yote kutoka kwa mmoja, na ndiye aliyeiweka mipaka ya makazi yao. Katika ramani ya Mungu hakuna mahali paitwapo “kule kwa wale.”

Naam, na Mungu naye anajua kucheka nasi. Kisomeni tena kitabu cha Yona, sura nne tu. Nabii anaagizwa aende Ninawi, upande wa mashariki. Yeye anashuka Yafa na kupanda merikebu ya kwenda Tarshishi, upande wa magharibi kabisa. Mabaharia wasiomjua Mungu wanaomba. Nabii analala usingizi. Samaki anatii, upepo unatii, mtango unatii, hata funza anatii. Nabii peke yake ndiye mkaidi. Ninawi yote inatubu, na wanyama wao wanavishwa magunia pamoja nao, na nabii anakasirika kwa sababu mahubiri yake yamefaulu! Kwa nini? Kwa sababu katika ramani yake Ninawi ilikuwa mahali pa waovu tu, na alitaka ibaki hivyo.

Kitabu kile hakiwacheki Waninawi. Kinamcheka Yona, na kwa njia hiyo kinatucheka sisi. Na mwishoni Mungu anamwuliza swali moja la upole: kama yeye Yona ameuhurumia mtango, je, Mungu asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi tena? Kitabu kinaishia hapo, kwenye swali. Jibu la Yona hatulisomi. Nadhani nafasi ile imeachwa wazi ili mimi na wewe tujibu.

Hicho ndicho kicheko kiponyacho: kinachomgeukia yeye anayecheka. Siku hizi yuko msanii mzaliwa wa Bulgaria, Yanko Tsvetkov, ambaye tangu mwaka 2009 amechora ramani nyingi za namna hiyo. Yeye huonyesha jinsi kila taifa linavyowatazama majirani zake, na kila ramani ina matusi yake. Ukizitazama nyingi pamoja, unaona kwamba aliyeumbuka si anayechorwa, bali ni anayechora.

Juma moja lilipita kabla sijapata nguvu. Kisha nikarudi darasani, nikaomba radhi mbele ya wote. Si jambo jepesi kwa mwalimu mwenye mvi, lakini nilifanya. Ndipo nikawaambia, “Sasa chora upya. Safari hii kila mtu achore kwao mwenyewe, na asimguse jirani mpaka jirani amruhusu.” Vicheko vilikuwa vikubwa kuliko vya kwanza, kwa kuwa hakuna ajuaye vituko vya nyumbani kama mwana wa nyumba. Zamu ya kijana yule ilipofika, alichora nyumba ya matofali, bani la tumbaku na mwembe mkubwa, akaandika chini yake, “Tumeshafika. Msituulize tunaondoka lini.” Darasa lilicheka mpaka nje wakasikia, naye akacheka pamoja nasi. Siku ile alitaniwa.

Sasa nirudi kwenye ramani nyingine, nayo inahusu Kanisa letu na nchi yetu hii. Katika miaka ya 1850 mmisionari Jakob Erhardt wa shirika la C.M.S., lililowatuma pia akina Rebmann wa Rabai, alikaa Tanga akiwauliza wasafiri wa misafara habari za bara. Wa njia ya kusini walimwambia kuna maji makubwa. Wa njia ya kati, iliyopita kwetu, wakamwambia kuna maji makubwa. Wa njia ya kaskazini nao hivyo hivyo. Basi ikachorwa ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, ikaitwa bahari ya Unyamwezi. Ilipofika London, wataalamu waliistaajabia na kuicheka, maana ziwa lile lilikuwa na umbo la koa, yule ndugu yake konokono asiye na nyumba.

Je, wasafiri walidanganya? Hata kidogo. Mmoja alisema kweli juu ya Nyasa, wa pili juu ya Tanganyika, wa tatu juu ya Ziwa Victoria. Kosa lilikuwa la kuyaunganisha. Na lilisahihishwaje? Kwa miguu. Burton na Speke, wakiongozwa na kubebewa mizigo na Waafrika, walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857. Hapo mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwaeleza kwamba maziwa ni mbalimbali. Wakaendelea, nao Februari 1858 wakafika Ziwa Tanganyika. Agosti mwaka huo huo Speke akafika ukingo wa Ziwa Victoria.

Hivyo ndivyo zinavyozaliwa dhana zetu juu ya watu. Umemwona Mpare mmoja aliyekunyima mkopo, Muha mmoja aliyekuogopesha, mtu mmoja wa Ulyankulu aliyekudanganya bei ya tumbaku. Pengine kila neno ulilosema ni kweli kwa mtu yule. Kisha kalamu ya moyo ikawaunganisha wote, ikachora koa mmoja mkubwa, ukamwita kabila.

Nathanaeli alikuwa na koa wake. Aliposikia habari za Yesu aliuliza kama kweli Nazareti yaweza kutoa kitu chema. Angalieni jibu la Filipo. Hakubishana naye, wala hakumtukana Nathanaeli na mji wake. Alimwalika tu aende akajionee. Naye akaenda. Na Bwana wetu, aliyekwisha kudharauliwa kwa sababu ya mji wa kwao, hakumrudishia dharau. Alimpokea kwa sifa, akisema huyu ni mtu asiye na hila. Kama Nathanaeli angebaki chini ya mtini na ramani yake, angemkosa Mwokozi kwa sababu ya jina la kijiji.

Wakristo wenzangu, twaweza kumkosa Mwokozi vivyo hivyo. Nimesikia mzazi, naye ni mshiriki wa meza ya Bwana, akikataa posa kwa maneno haya: “Kijana ni mzuri, anasali, ana kazi, lakini ni wa kule.” Nimesikia katika kuchagua viongozi wa kwaya mtu akinong'onezwa kuwa ni mkimbizi, naye amezaliwa hapa na watoto wake wamebatizwa hapa. Mtu huyo hupiga magoti kando yetu na kunywa kikombe kile kile. Damu ya Kristo tunaikubali pamoja naye, damu ya binti yetu tunamnyima?

Basi naomba kila mmoja wetu aupime mzaha wake kwa maswali matatu kabla haujatoka mdomoni. La kwanza: je, mimi mwenyewe nimo katika mzaha huu, au nimewaweka wengine tu? La pili: je, naweza kuusema mbele yake, naye akanirudishia wa kwake, tukacheka wote? La tatu, na ndilo kubwa: akifiwa kesho, nitakwenda? Nikishindwa hata moja, huo si utani, na ninyamaze.

Tena nashauri jambo la kutenda, maana toba isiyotoka nyumbani ni maneno. Kutoka hapa Kaliua tunapanda treni kwenda Mpanda, Kigoma na Tabora bila kulalamika. Ulyankulu imo katika wilaya yetu wenyewe tangu Wilaya ya Kaliua ilipoanzishwa mwaka 2012. Basi kwaya na ziende, akina mama na waende, vijana na waende. Si kwenda kuwafundisha, bali kusali nao, kula walichopika na kulala kwao. Nao waje kwetu, tuwape vitanda na si mabenchi. Wakifiwa, twende na majembe.

Kijana yule sasa ni mwalimu. Siku moja, katika maziko ya mtu wa nyumbani kwangu, nilimwona kaburini ameshika jembe, shati limelowa jasho. Sikumwita, alisikia akaja. Aliponiona alinisalimu, “Shikamoo, Mwalimu,” kisha akaninong'oneza, “Leo naona mmenichora na jembe.” Nami, katika uchungu ule, nilicheka.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeyafanya mataifa yote kutoka kwa mmoja, utusamehe ramani mbaya tulizochora mioyoni mwetu. Uwafariji wale tuliowatoa kwa vicheko vyetu. Utupe miguu ya kwenda kuona, macho ya kumtambua Mwanao katika watu wa kila mahali, na kicheko kisichomwacha mtu nje ya mlango. Kwa Yesu Kristo, wa Nazareti, Bwana wetu. Amina.